Mbwa wa Uani, Paka wa Ndani

Kaa kibarazani na watu wa Mtwara, uliza kati ya paka na mbwa nani mwenye akili zaidi, jibu utalipata kahawa haijapoa: paka. Watakueleza kwamba paka anajua saa ya chakula, anajua nani humo ndani ana huruma na nani ana kandambili mkononi, anafukia uchafu wake, anajisafisha mwenyewe. Na mbwa? Mbwa analala jalalani, anabweka usiku kucha, ukiokota jiwe anakimbia, ukiinama kufunga kamba ya kiatu anakimbia vilevile. Mtu akishasema hivyo anaona amemaliza, na baraza linarudi kwenye mpira.

Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Huko Ulaya na Marekani swali hilohilo wengi hulijibu kinyume: mbwa ndiye mwerevu, paka ni mvivu mwenye maringo asiyefundishika. Wanyama ni walewale. Kinachotofautiana ni nani analala ndani na nani analala nje. Jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu, nimesoma tafiti nilizoweza kuzipata, nimemtazama paka wetu hapa Magomeni, Mtwara mjini, na mbwa wa mjomba wangu kule Nachingwea, na sasa nalisema wazi: mara nyingi tunachokiita akili ya mnyama kinapima tulivyomruhusu atusogelee. Kwa mbwa jambo hili ni zito kuliko kwa paka, kwa sababu sehemu kubwa ya akili ya mbwa hufanya kazi akiwa na mtu. Ukimwondolea mtu, umemnyang'anya jembe mkulima kisha ukamlaumu kwa shamba lenye magugu.

Nianze na paka, maana yeye ndiye mwenyeji.

Paka wetu anaitwa Kibua, jina la samaki, alilopewa na binti yangu kwa ajili ya mgongo wake wa kijivu unaong'aa. Nyumba yetu ina dari la mbao nyembamba, na msimu wa korosho ukifika, magunia yakianza kulala kila kona ya mtaa, panya nao wanaongezeka. Usiku panya akipita juu ya dari, sisi sote tunatazama juu. Kibua hatazami juu. Anainua sikio moja, analigeuza taratibu kuufuata ule mchakacho, kisha anaondoka bila haraka kwenda jikoni na kukaa mbele ya tundu lililo kando ya nguzo. Wakati huo panya bado yuko juu ya chumba cha watoto, upande wa pili wa nyumba. Kibua anakaa. Mwili wote umetulia isipokuwa ncha ya mkia. Panya akija kushuka, anashukia palepale, kwa sababu njia ni hiyo moja, na paka ameshaijua nyumba nzima kwa masikio.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, Saho Takagi na wenzake, waliochapisha mwaka 2016 jaribio ambalo kwangu linamweleza Kibua vizuri. Walichukua kopo, wakalitikisa mbele ya paka, kisha wakaligeuza juu chini. Mara nyingine kopo lililia likitikiswa na kitu kikadondoka, kama inavyotarajiwa. Mara nyingine wakafanya hila: kopo limelia lakini hakuna kilichodondoka, au limetikiswa kimya na kitu kikadondoka. Paka waliyakodolea macho zaidi yale matukio yasiyoingia akilini. Maana yake, paka akisikia mlio anajua kuna kitu, na anajua kitu hicho kitakwenda wapi. Mwaka 2021 Takagi na wenzake wakaja na jingine. Walipiga sauti ya mwenye paka kutoka kipaza sauti cha sehemu moja, halafu papo hapo kutoka sehemu nyingine ya mbali, kama kwamba mtu ameruka kupita ukutani. Paka walishangaa. Kumbe paka aliyelala amekupa kisogo anakufuatilia mwendo wako nyumbani kwa sauti tu, anajua uko chumba gani bila kukuona.

Mwanasaikolojia mwingine wa Japani, Atsuko Saito, ameonyesha kwamba paka huitambua sauti ya mwenyewe kati ya sauti za wageni, na mwaka 2019 akaonyesha kwamba paka hulitambua jina lake hata likichanganywa na maneno mengine yenye urefu na lafudhi inayofanana nalo. Ninachokipenda katika tafiti hizi ni kwamba paka walifuatwa walipozoea kuishi, majumbani na katika migahawa ya paka. Paka ukimtia kapuni ukampeleka kwenye chumba asichokijua, unachokipima ni woga wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1898 Edward Thorndike, akiwa bado mwanafunzi huko New York, aliwafungia paka wenye njaa ndani ya masanduku ya mbao, akaweka chakula nje. Mlango ulifunguka kwa kuvuta kamba, kukanyaga kibao au kusukuma komeo. Paka walikwaruza na kung'ata kila mahali mpaka kwa bahati wakagusa panapostahili, na kila waliporudishwa walichukua muda mfupi zaidi. Thorndike akahitimisha kwamba hawafikirii, wanabahatisha mpaka mazoea yanaganda. Kazi ile ni kubwa, na elimu ya kujifunza kwa wanyama bado inasimama juu yake. Lakini mimi huyaona yale masanduku kwa jicho la paka: umefungwa, una njaa, harufu ya chakula iko puani, na kamba unayotakiwa kuivuta huwezi kuona inakokwenda. Mwanadamu gani angekaa atafakari?

Kibua anafungua mlango wa jiko letu la uani. Una komeo la kuinua, si kitasa. Anaruka, anautundika mkono wa kulia juu ya komeo, uzito wake unalishusha upande wa pili, mlango unaachia, anatua na kuusukuma kwa kichwa. Hakuna aliyemfungia njaa ili ajifunze. Alikaa juu ya paa la makuti akitutazama sisi tukiingia na kutoka.

Na ukishuka feri asubuhi vyombo vikirudi, paka wa pale wana hesabu zao ambazo mtu mwenye subira anaweza kuzisoma. Kila mpaa samaki ana upande wake wa kutupa matumbo, na kila paka anajua ni upande upi. Hawasukumani kwenye beseni la changu. Wanasubiri pale ambapo kitu kitatua.

Basi paka tumempa haki yake. Kwa nini yeye yuko ndani na mbwa yuko nje, kila mtu wa pwani ya kusini anajua. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na fiqhi yetu inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa paka mambo ni tofauti. Imepokewa kwamba Abu Qatada alikuwa na maji ya kutawadhia, paka akaja, naye akakiinamisha chombo ili paka anywe. Mkaza mwana wake, Kabsha, alibaki akimtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukeni.

Hukumu hiyo siigusi, na wala si mwenye elimu ya kuigusa. Ninachotaka kusema ni kwamba dini ileile ilitambua akili ya mbwa karne nyingi kabla ya maabara. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anahalalisha windo linalokamatwa na wanyama tuliowafundisha, na aya inasema tunawafundisha katika yale aliyotufundisha Yeye. Wanazuoni wakafafanua: mbwa aliyefundishwa ni yule anayekwenda akitumwa, anayesimama akikatazwa, na anayemshikia bwana wake windo bila kulila. Windo la mbwa asiyefundishwa lina hukumu nyingine. Yaani elimu iliyomo kichwani mwa mbwa inabadilisha hukumu ya nyama iliyomo sahanini. Katika Suratul Kahf, mbwa wa wale vijana wa pangoni anatajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Na hadithi zinaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa mwenye kazi ana mahali pake. Shida ya mjini kwetu ni kwamba kazi imeondoka, mbwa amebaki.

Kwa mjomba wangu kazi haijaondoka.

Shamba lake la muhogo, kijijini kwao wilayani Nachingwea, linapakana na pori. Asiyelima kule hajui nguruwe pori ni nini. Kundi dogo tu likiingia usiku linaweza kufukua matuta ya familia nzima, likatafuna nusu na kuiacha nusu ioze. Mchana zamu ni ya ngedere na nyani. Kwa hiyo wakati wa kulinda, watu wanalala dunguni na mbwa wako chini. Mjomba hali nguruwe, na mbwa hamgusi akiwa na mikono iliyolowa. Lakini mbwa wake anawajua mmoja mmoja, nao wanamjua kwa kikohozi. Majina ni ya mafumbo, kama wazee wengi wanavyopenda, ukimwita mbwa, jirani naye anasikia: Yatakwisha, Tuombeane. Jike lake la mbele linaitwa Siri. Ni mbwa koko mwembamba, rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limechanika.

Nilipokuwa nikilala na mjomba dunguni, kuna usiku wa mbalamwezi ambao Siri alisimama ghafla, masikio mbele, pua imeelekea bondeni. Hakubweka. Aligeuza kichwa akamtazama mjomba usoni. Akarudisha macho bondeni. Akamtazama mjomba tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Mjomba hakusema neno. Alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini, akausukuma mara moja kuelekea kwenye mikorosho. Siri akazungukia kushoto, nje ya tuta la mwisho, tumbo karibu liguse nyasi, na wale wengine wawili nyuma yake. Aliwatokea nguruwe ubavuni. Wakakimbilia kijitoni badala ya kukatiza katikati ya muhogo.

"Umemwona, mpwa wangu?" mjomba akaniambia. "Mbwa mjinga angemrukia nguruwe. Huyu anauliza kwanza."

Anauliza kwanza. Nilipokuja kusoma kazi za Ádám Miklósi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, nilihisi wamewahi kulala dunguni. Mwaka 2003 walichapisha jaribio walilolifanya kwa mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wa Ulaya, wale wakubwa wa kijivu, si hawa wenye madoa wa huku kwetu Selous. Mbwa mwitu hao walilelewa na watu tangu wachanga, ili pasiwe na kisingizio cha kutozoea. Wote walifundishwa kupata nyama kwa njia rahisi, mfano kuvuta kamba. Halafu kamba ikafungwa isivutike. Mbwa mwitu waliendelea kuvuta na kuvuta. Mbwa walijaribu kidogo, wakaacha, wakageuka kumtazama mtu usoni. Mwaka 2005 wakawajaribu mbwa na paka. Kufuata kidole cha mtu kinachoonyesha bakuli lenye chakula, wote waliweza, paka kwa mbwa. Chakula kilipofungiwa pasipofikika, mbwa walimgeukia mtu, paka wakaendelea kupambana wenyewe.

Hapa ndipo pa kusimama. Yupi mwenye akili, anayeendelea kupambana au anayeomba msaada? Watu hujibu upesi, na ninahisi wanajibu kwa kuangalia yupi anafanana nao. Mimi naona kila mmoja ana jibu sahihi kwa maisha yake. Wazee wa paka ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na paka pori huyo bado yuko Tanzania. Huwinda peke yake, usiku, windo dogo lisilohitaji kundi. Alikuja kwetu akifuata panya wa maghala ya nafaka, na huko Cyprus kuna kaburi la miaka kama 9,500 ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Mbwa alitangulia, miaka 15,000 iliyopita au zaidi, na alikuja kutoka kwa wanyama wa kundi, wanaowinda kwa kushirikiana na kusomana nyuso. Paka hana sababu ya kumuuliza mtu habari za panya. Mbwa ana kila sababu, kwa sababu mtu ndiye kundi lake, na kwa nguruwe pori mtu ana mkuki.

Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walionyesha kwamba katika kusoma ishara ya mkono wa mtu mbwa huwashinda hata sokwe, na kwamba watoto wa mbwa ambao hawajakaa sana na watu nao wanaweza. Sokwe, ndugu yetu wa karibu kabisa, ana ubongo mkubwa kuliko mbwa mara kadhaa. Lakini kwa hili dogo la kuelewa kwamba kidole changu kinakuambia kitu, mbwa yuko mbele.

Mtu wa Mtwara atasema: hao ni mbwa wa Wazungu, wanalishwa nyama ya kopo na kulala kwenye godoro, usiwafananishe na mbwa koko wetu. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake limetoka India, ambako mbwa wa mitaani wanaishi kama wetu, kwa jalala na kwa mawe. Anindita Bhadra na wenzake walichapisha mwaka 2020 jaribio walilolifanya barabarani. Mabakuli mawili yamefunikwa, moja lina chakula, mtu asiyejulikana na mbwa yule ananyoosha kidole. Karibu nusu ya mbwa hawakusogea kabisa. Walisimama mbali, wenye wasiwasi. Lakini kati ya waliosogea, kama asilimia 80 walikwenda kule kidole kilikoelekezwa. Hawakufundishwa na mtu. Hawana mwenyewe wala jina.

Niliposoma hayo niliwafikiria wale nusu wasiosogea. Nao huenda wangejua kidole kinasema nini. Akili yao hatukuiona kwa sababu woga ulisimama mlangoni. Na woga huo si wa kuzaliwa nao wote: mbwa anayekimbia ukiinama amejifunza kwamba mtu akiinama anaokota jiwe. Amesoma mwili wako kwa usahihi kabisa. Kitendo kile kile tunachokitaja barazani kama ushahidi wa ujinga wake ni ushahidi wa jinsi anavyotusoma.

Upande wa pili kuna mbwa waliopewa mtu mzima mzima. Rico wa Ujerumani, ambaye habari zake zilitoka mwaka 2004, alijua majina ya vitu takriban 200. Chaser wa Marekani alijifunza majina ya vitu 1,022 kutoka kwa John Pilley, profesa mstaafu aliyekaa naye saa kadhaa kila siku kwa miaka mitatu. Wote wawili ni wa aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, na aina ina mchango wake. Hata hivyo najiuliza ni mbwa gani wa Mtwara amewahi kusemezwa na mtu saa moja mfululizo katika maisha yake yote. Wengi hawajapata hata jina moja la kwao, tutajuaje kama wangeweza elfu?

Habari za chembe za ubongo nitazipitia haraka, kwa sababu ndizo watu hupenda kuzirushiana mtandaoni kama matokeo ya mechi. Mwaka 2017 Suzana Herculano-Houzel na wenzake walihesabu chembe hizo, yaani nyuroni, katika gamba la ubongo la wanyama walao nyama. Paka alikutwa na takriban milioni 250, mbwa takriban milioni 530, binadamu anakadiriwa kuwa na bilioni 16. Magazeti yakatangaza mbwa mshindi. Wachache walisoma kwamba walipimwa mnyama mmoja au wawili tu wa kila aina, na kwamba dubu, mwenye ubongo mkubwa mara nyingi kuliko wa paka, alikutwa na nyuroni karibu sawa na paka. Nyuroni zinatuambia kuna nafasi kiasi gani. Hazituambii nafasi hiyo inatumika kwa jambo gani.

Na kama ni mashindano ya akili, kusini hii tuna mdai mwingine ambaye hakuna aliyemtaja barazani. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana, na katika kazi ile walishiriki panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO. Panya anasikia mlio mdogo, anapewa ndizi, anajifunza kwamba harufu ya baruti ina thamani. Magawa, aliyelelewa Morogoro na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu 71 ya ardhini na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Panya! Mnyama ambaye huku kwetu ama tunamtega ama tunamla. Kilichomtofautisha na panya wa darini kwangu ni kwamba kuna mtu alikaa naye tangu akiwa mchanga.

Neno hilo, tangu akiwa mchanga, ndilo lenye uzito katika habari ya mbwa. Tafiti za John Paul Scott na John Fuller huko Marekani, walizozikusanya mwaka 1965, zilionyesha kwamba kuna dirisha kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 ya maisha ya mbwa. Akizoeshwa mkono na sauti ya mtu katika wiki hizo, mtu anakuwa sehemu ya dunia yake. Dirisha likifungwa hajamwona mtu isipokuwa mwenye jiwe, kumrudisha ni kazi ngumu sana. Paka naye ana dirisha lake, linawahi zaidi, kati ya wiki ya 2 na ya 7. Lakini paka wetu huzaa chini ya vitanda vyetu na nyuma ya magunia ya unga, watoto wakawachezea tangu hawajafumbua macho vizuri. Mbwa huzaa mtaroni, au nyuma ya nyumba isiyokwisha kujengwa, na watoto wake hukua bila kuguswa. Ndipo tunakuja kusema mmoja ana akili, mwenzake hana.

Jambo hili lina gharama kuliko mjadala wa baraza. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna mgonjwa anayepona. Kinga yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwemo, iliingizwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na shirika hilohilo, na utaratibu wa vituo vya chanjo ni wa kumleta mbwa mwenyewe: unamshika, unampeleka chini ya mwembe alipo afisa mifugo, anachomwa sindano, unaondoka naye.

Sasa mbwa asiyeguswa utamshika wapi? Niliwahi kukaa karibu na kituo cha namna hiyo kijijini kwa mjomba. Waliokuja kwa utulivu ni mbwa wa watoto na mbwa wa wasasi. Kijana mmoja alimburuta mbwa wake kwa waya, mbwa akajikaza miguu yote minne, akamng'ata mkononi, ikabidi kijana akimbizwe bombani kuoshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, kisha apelekwe zahanati. Na kuna wazee waliokuja mikono mitupu kueleza kwamba wana mbwa nyumbani ila hakamatiki. Siri alikuja akitembea nyuma ya mjomba bila kamba. Alipoona sindano alimtazama mjomba usoni, mjomba akakohoa, naye akatulia.

Mwaka huu Siri amezaa. Mjomba amewapa wajukuu zake zamu za kukaa na wale watoto wa mbwa kila jioni, kuwaita kwa majina, kuwashikashika miguu na masikio, kuwafunga kamba laini shingoni na kutembea nao mpaka kisimani. Mikono iwe mikavu, kwa sababu kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, na mwenye kulambwa anajua la kufanya. Mmoja wa watoto hao wa mbwa nimemwomba aje Magomeni, alinde uani. Mjomba amekubali, kwa sharti kwamba nimchukue kabla ya wiki ya kumi, na kwamba awe wangu kweli, asiwe wa geti.